Retinitisi pigmentoza: mazoezi yanaharibu macho au yanasaidia?

Mama Furaha (Himbi, Goma)
Habari zenu. Binti yangu ana miaka 22, ameambiwa ana retinitisi pigmentoza, ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga). Gizani haoni kitu, na pembeni pameanza kuziba. Alizoea kukimbia kila jioni. Jamaa wengine wanasema mbio zitampasua mishipa ya macho, wengine eti zitamponya. Nimwambie nini?

Kine wa Katindo
Mama Furaha, pande zote mbili zimezidisha. Ugonjwa huu umo kwenye jeni. Mbio haziuleti, wala hazifufui seli zilizokwisha kufa.

Habari ya kuponya imetoka kwa panya. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwakimbiza panya saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, mita 10 kwa dakika. Baada ya wiki 2 wakawamulika taa kali inayounguza retina, kisha wakaendelea kuwakimbiza wiki 2 nyingine. Waliokimbia walibaki na seli za kupokea mwanga karibu mara mbili ya wale waliokaa tu. Kazi hiyo inafanywa na BDNF, protini inayolisha neva: njia yake ilipozibwa kwa dawa, faida ikapotea. Ila panya hao waliharibiwa na mwanga, si na jeni. Panya wenye jeni mbovu nao walifaidika, kwa kiasi tu.

Kwa binadamu, wagonjwa wanaofanya mazoezi husema wanaona afadhali. Lakini anayeona afadhali ndiye anayethubutu kutoka nje, kwa hiyo hapo sababu na matokeo vimechanganyika. Mimi ningemwacha afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo, maana moyo na usingizi vinafaidika bila shaka yoyote.

Mwalimu wa Michezo
Shida ni hiyo jioni. Hapa jua linazama karibu saa 12, na macho yake yanashindwa mapema kuliko yako. Ahamishie mbio saa 2 asubuhi, avae kofia yenye ukingo.

Njia ichaguliwe kwa makini. Mawe yetu ya volkano ni meusi juu ya udongo mweusi: jiwe lililochomoza halionekani mpaka kidole kiligonge. Atumie lami au uwanja, apakague kwanza akitembea. Kichwa akigeuze kushoto, chini, kulia, asitegemee macho peke yake. Akikimbia na mwenzake, washike kamba fupi ya kitambaa, nusu mita inatosha. Mwenzake atangulie nusu hatua na kutaja kitu kabla hawajakifikia: “ngazi, moja, chini”. Kusema “angalia!” hakumsaidii. Mpira wa miguu na chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) zinazoteremka vinatokea pembeni, ambako haoni.

Mvua ikinyesha, kuruka kamba nyumbani kunatosha.

Daktari wa macho
Nakubaliana nanyi. Kama ana miopia kali (kutoona vizuri vya mbali), aache ndondi na michezo ya kugongana, retina inaweza kubanduka. Akiona vimulimuli ghafla, vidoa vingi vyeusi, au kama pazia linashuka, aende hospitali siku hiyohiyo. Uoni wa katikati ukififia, apimwe pia mtoto wa jicho na uvimbe wa makula (sehemu ya katikati ya retina): vyote viwili hutokea kwenye ugonjwa huu na vinatibika.

Na Mama, usimnunulie vidonge vikali vya vitamini A sokoni. Akipata mimba vinaweza kumlemaza mtoto, na kama ugonjwa wenyewe ni Stargardt (ugonjwa mwingine wa retina wa kurithi), vinaweza kuuharakisha.