Tupeane uzoefu: mtoto mdogo umempimaje kama anasikia harufu?

Mama wa Umoja
Wazazi wenzangu, hamjambo. Mwanangu ana miaka minne. Omena zikikaangwa ploti nzima inajua, yeye hata hageuki. Maziwa yaliyochacha anayanywa bila kukunja uso. Kliniki nimeulizwa habari za macho na masikio, pua hakuna aliyeitaja. Nani amewahi kumpima mtoto wa umri huu, nyumbani au kwa daktari?

Baba wa Kayole
Pole mama, wetu alikuwa hivyo hivyo. Daktari wa masikio, pua na koo alitukataza kabisa kumwuliza, "Hii ni harufu ya nini?" Mtoto wa miaka mitatu au minne bado hajajua kuzitaja harufu, kwa hiyo hata mwenye pua nzima atakutolea macho tu. Yeye alimwekea picha nne mezani: chungwa, samaki, ua, sabuni. Akamnusisha kijichupa, mtoto akaonyesha picha kwa kidole. Kwa picha nne, hata wa kubahatisha atapatia mara moja katika nne, ndiyo maana vijichupa lazima viwe vingi.

Nyumbani tuliendelea na vichupa vya dawa vilivyooshwa vizuri, pamba ndani: kahawa, ganda la chungwa, karafuu zilizopondwa, na kimoja pamba tupu. Usiache hicho kitupu! Watoto wanapenda kutufurahisha, ataitikia "nasikia" kwa vyote. Ukiona hata kwenye pamba tupu anaitikia, hayo majibu mengine usiyahesabu.

Muuguzi, South B
Naongezea jambo linalowapotosha wengi. Msipime kwa siki, spiriti wala dawa ya kuchua yenye mentoli. Harufu hubebwa na neva ya kwanza ya kichwa, lakini mchomo wa vitu hivyo hubebwa na neva ya tano. Mtoto asiyesikia harufu hata chembe bado atarudisha kichwa nyuma, nanyi mtashangilia bure. Vanila na kahawa ni salama zaidi kwa kipimo. Na mafua yaishe kwanza.

Tena, akitoka uchafu unaonuka kwenye tundu moja tu la pua, huenda ameingiza shanga au punje ya maharagwe. Msichokonoe, mleteni hospitali. Ikiwa ni betri ndogo ya saa, ni saa hiyo hiyo, maana inaunguza nyama kwa muda mfupi sana.

Mama wa Kawangware
Wangu alikuwa akikoroma na kulala mdomo wazi. Ikaonekana nyama za nyuma ya pua zimevimba, hewa haifiki juu panaponusia. Akafanyiwa upasuaji. Wiki chache baadaye akaisukuma sahani ya matumbo, aliyokuwa akila kila Jumapili: "Mum, hii inanuka." Nililia kwa furaha, na matumbo nikala mwenyewe.

Dada wa Lang'ata
Mimi nilizaliwa hivi, nikajulikana sekondari. Mama Umoja, usisubiri mpaka huko. Wengine wetu kutonusa huenda pamoja na kuchelewa kubalehe, na daktari akijua mapema humfuatilia mtoto inavyofaa. Jambo linalonikosesha usingizi ni meko. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, huongezwa kemikali inayonuka ili ikivuja watu wajue. Mimi siijui hiyo harufu. Kila usiku nafunga valvu ya mtungi, na maziwa nasoma tarehe. Mwanao ikithibitika hasikii, mzoeshe hayo angali mdogo.

Mama wa Umoja
Asanteni sana, nimeyaandika yote. Kesho natafuta vichupa, na daktari nitamwona mwisho wa mwezi. Baba Kayole, pamba mlikuwa mkibadilisha?

Baba wa Kayole
Kila siku, mama. Kahawa ikilala kwenye pamba usiku mmoja inafifia, hata wewe utaikosa. Na mfunge macho kwa leso, kahawa anaijua kwa rangi.