Mafuta ya mahamri yamenichoma, lengelenge nilitumbue au niliwache?

BintiMajengo:
Asalaam alaikum jamani. Jana alfajiri nakaanga mahamri ya kuuza, hamri moja likaniponyoka likatumbukia kwenye karai, mafuta yakaruka yakanipata mgongo wa mkono wa kushoto, mpaka karibu na kidole gumba. Mfereji mkavu kama kawaida yetu, nikajimwagia kikombe kimoja cha maji ya mtungi nikaona yatosha. Mama mkwe akaja mbio na dawa ya meno, akanipaka nene. Mie kimya, mkwe habishiwi. Ikapoa dakika mbili, kisha ikawaka upya. Leo pana lengelenge kama zabibu, na dawa ya meno imegandia pembeni kama chokaa. Wifi asema nilitumbue na sindano iliyopitishwa motoni. Na Jumamosi tuna arusi, nataka kujichora maua ya piko mikononi. Nifanyeje?

ViaziKaraiKongowea:
Usitumbue! La kwangu nililitumbua, siku ya tatu likatunga usaha. Kovu ninalo mpaka leo.

Mtoto_wa_Kisauni:
Ute wa yai ndio dawa. Nyanya alitupaka sote na tukapona.

NesiMstaafu:
Mlipona kwa sababu moto wenyewe ulikuwa mdogo, si kwa yai. Yai bichi laweza kuwa na vijidudu, nawe walipaka penye ngozi iliyoungua! Siagi na unga navyo mviwache jikoni.

BintiMajengo, pole mwanangu. Wifi mwambie sindano aiweke. Ile ngozi ya juu ya lengelenge ndiyo inayozuia uchafu usiingie. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ngozi usiinyofoe. Hiyo dawa ya meno iloweshe itoke taratibu, usiikwangue. Kisha funika kwa bandeji isiyonata. Pamba usiweke, nyuzi zake hushika kidonda. Maumivu yakizidi, meza parasetamoli kama ilivyoandikwa kwenye pakiti.

Kupoza ni dakika 20, si kikombe kimoja, na hufaa ndani ya saa 3 za mwanzo, kwa hivyo wewe ushapitwa. Siku nyingine usipokuwa na mfereji, weka mkono juu ya beseni, mtu akumiminie kwa kopo pole pole. Mtungi wa lita 20 ukimiminwa lita moja kwa dakika ndiyo dakika 20 hizo. Barafu hapana. Pete na bangili zivue mapema, mkono ukishavimba hazitoki.

Lakini lengelenge la mkononi, tena karibu na kiungo cha gumba, mie silitibu kwa simu. Nenda likaonekane, na uulize kama wahitaji sindano ya pepopunda. Ukiona uvimbe unaongezeka, usaha au homa, usingoje kupambazuke.

BaharaLikoni:
Nesi, sisi huku maji ni ya kisima, yana chumvi. Yafaa kupozea?

NesiMstaafu:
Umeungua na ndiyo yaliyo karibu? Tumia hayo hayo, usikae kungojea mkokoteni wa maji. Ngozi ikishafunguka, osha kwa maji ya kunywa.

BintiMajengo:
Shukran nesi. Na piko je? Nikipaka vidoleni tu?

NesiMstaafu:
Mkono huo usiuguse kabisa. Piko ni rangi ya nywele, ina kemikali ambayo yenyewe huwatoa watu malengelenge hata wasioungua. Nimewaona maharusi wamevimba mikono siku ya arusi yao.

BintiMajengo:
Nimerudi kutoka zahanati. Wameniosha, wamefunga, sindano nimedungwa. Lengelenge wameliwacha zima. Nikarudi nyumbani na bandeji yangu, mama mkwe akaitazama, akaitazama tena, kisha akauliza: "Na kesho mahamri atakaanga nani?" Nikamuonyesha wifi kwa kidole.

ViaziKaraiKongowea:
😂 Mwambie asisahau mtungi karibu na karai.