Nimevaa ua jeupe la popi kazini imekuwa kesi, hivi nimekosea wapi?

BintiSalma
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Uingereza mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Wanaoishi huku mnajua, ikifika mwisho wa mwezi wa kumi kila mtu ana lile ua jekundu la karatasi kifuani, la kukumbuka wanajeshi waliokufa vitani, mpaka tarehe 11 mwezi wa 11 saa tano asubuhi watu wanasimama kimya dakika mbili. Miaka yote nimevaa, natumbukiza hela yangu kwenye kopo la michango, sina neno.

Mwaka huu rafiki yangu kanipa jeupe, akaniambia hili ni la kukumbuka wote waliouawa na vita, raia na askari wa upande wowote, na pia ni kusema vita basi. Nikalipenda nikavaa. Mwenzangu mmoja kuliona tu akanijia juu mbele za watu, eti nawatemea mate waliokufa ili mimi niweze kuishi huku. Meneja akaniita akasema hataki siasa kazini, nivue, ila jekundu ruksa. Nimevua. Lakini tangu siku hiyo sina raha kwa sababu kuna mzee namhudumia mimi, kaka yake alifia vitani, na huyo mzee nampenda kweli, sitaki afikirie nimemdharau kaka yake. Sasa naomba kuuliza, jeupe ni tusi? Na nikivaa yote mawili?

Mzalendo_Birmingham
Pole dada, kufokewa mbele za watu hapana, hapo wamekosea. Ila nami nitasema ukweli wangu. Jirani yangu hapa alipoteza mguu Afghanistan. Hela ya ua jekundu inaenda kwa watu kama yeye, na kwa wajane na watoto, chama cha Royal British Legion kinafanya hiyo kazi tangu 1921. Hela ya jeupe haimfikii. Halafu sisi tumelelewa tukijua msibani unafuata wenye msiba, wakisema nguo nyeusi unavaa nyeusi, huendi na rangi yako kwa sababu wewe una maoni kuhusu kifo. Kuwaombea raia waliokufa ni jambo jema sana lakini mwaka una siku 365, kwa nini iwe hiyohiyo siku yao?

Mama Tatu
Mzalendo hoja yako ya msiba naiheshimu lakini twende taratibu, wenye msiba ni nani? Hilo ua jeupe halikuletwa na wageni wala vijana wa mitandaoni. Walilianza wanawake wa Co-operative Women's Guild, chama cha wanawake wa ushirika, mwaka 1933, na wengi wao walikuwa wake na mama na dada za wanaume waliokufa vita ya kwanza ya dunia. Yaani hao ndio walioletewa barua mlangoni! Waliona watu wanaandaa vita nyingine huku wanavaa maua ya vita iliyopita, wakaumia. Baadhi yao walifukuzwa kazi kwa kulivaa, kwa hiyo BintiSalma hili lako lina ukoo mrefu. Baadaye Peace Pledge Union, chama cha kupinga vita, ndio wakaendelea kuyasambaza mpaka leo.

Na hata kabla ya hapo, 1926, mtu mmoja wa kundi la kupinga vita alipendekeza Legion waombwe kuandika "vita basi" pale katikati ya ua jekundu. Unajua palikuwa pameandikwa nini? Haig Fund, yaani Mfuko wa Haig. Haig ni yule jenerali aliyeongoza mapigano ya Somme mwaka 1916, ambako siku ya kwanza tu walikufa Waingereza zaidi ya elfu kumi na tisa. Jina lake lilikaa pale kwenye kitufe cheusi hadi 1994. Sasa wewe ni mama, mwanao kafia Somme, unabandikwa jina la Haig kifuani. Mtu akisema jeupe ni siasa na jekundu siyo, mimi namuuliza hilo tu.

Kuhusu kuvaa yote mawili, vaa mwanangu. Legion wenyewe walishasema hawana pingamizi na jeupe na hawaoni ubaya mtu akiyavaa pamoja, na kwamba kuvaa ni hiari ya mtu. Wanaokasirika zaidi mara nyingi ni wasemaji wa nje, hata Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo, 1986 alisema bungeni linamchukiza, na maneno yake ndiyo yaliyofanya watu wengi walijue.

Kijana wa Belfast
Mimi niko huku Ireland ya Kaskazini, huku hata jekundu lenyewe linaonyesha uko upande gani, wa kubaki na Uingereza au wa kuungana na Ireland. Mchezaji James McClean ni wa Derry, tangu 2012 alikataa kuvaa jezi yenye hilo ua kwa sababu mjini kwao wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji Januari 1972 wakafa 13 siku ileile, na amezomewa viwanjani miaka na miaka. Lakini pia mji wa Enniskillen huku huku, Novemba 1987, bomu la IRA, kundi lililopigana kuuondoa utawala wa Uingereza, liliua watu 11 waliokuja kwenye kumbukumbu ya hao hao waliokufa vitani. Nafanya kazi na watu wa pande zote mbili. Siwaulizi kitu mwezi huo.

Mzee Kibwana
Marahaba binti. Mnazungumza kama vile vita ile ni ya wazungu peke yao. Jina Kariakoo limetoka wapi? Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, babu zetu waliobebeshwa mizigo na risasi za Waingereza kwenye vita dhidi ya Wajerumani. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa malaria, kuhara damu na njaa. Huko Ulaya kengele zinalia tarehe 11, kwetu Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Wiki mbili zaidi!

Na majina yao hayapo. Sanamu ya Askari ipo Dar, Nairobi na Mombasa, inawataja wapagazi kwa jumla kuwa mikono na miguu ya jeshi, jina la mtu hata moja hakuna. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri, watu wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Wakaomba radhi. Ndugu Mzalendo, hawa nao ni askari wa jeshi lako hilohilo unaloliheshimu. Wenye msiba ni sisi pia.

Mzalendo_Birmingham
Mzee Kibwana hapo umenishika, sikuwahi kuliunganisha na Kariakoo, na nimezaliwa Ilala. La michango nabaki nalo, jirani yangu anahitaji ile hela. Ila dada asilazimishwe kuvua.

BintiSalma
Asanteni, nimesoma yote mara mbili. Nimempigia mama usiku huohuo, akaniambia babu yake alichukuliwa kubeba mizigo na hakuna aliyejua alizikwa wapi, mambo ambayo hajawahi kunisimulia hata siku moja. Nimemuuliza jina akanitajia.

Leo nilipokuwa namnywesha chai yule mzee nikamuonyesha yote mawili nikamweleza. Akaniuliza babu alikuwa kikosi gani, nikasema mpagazi. Akanyamaza kidogo, akaniomba nimbandike jekundu lake kwenye sweta maana vidole vyake havikamati pini.

Meneja nimemwandikia barua, nimeomba anijibu kwa maandishi. Jumapili niko shifti ya asubuhi na yote mawili nitayavaa. Nyuma ya lile jeupe nimeandika jina la babu kwa peni.