Wenye wiki za taimushea: kuhama RCI kwenda Interval, tupeane uzoefu

MamaWatatu_Mbezi

Habari za jioni wadau. Wakubwa shikamooni.

Mimi na mume wangu tuna wiki moja ya taimushea, yaani haki ya kukaa wiki moja kila mwaka, kwenye hoteli ya mapumziko pwani ya kusini ya Kenya. Tuliinunua mwaka 2011: chumba kimoja cha kulala, sebule yenye kochi la kukunjua, jiko dogo. Miaka ya mwanzo tuliitumia wenyewe. Tunatoka Dar alfajiri, Chalinze, Segera, Tanga, tunavuka Horohoro, na jua halijazama tuko Diani bila hata kugusa kivuko cha Likoni. Watoto walipokua wakataka kuona kwingine, tukaanza kuibadilisha na wiki za hoteli nyingine kupitia RCI, mtandao wa kubadilishana wiki. Tumeshaenda Durban mara mbili na Goa mara moja.

Sasa uongozi wa hoteli umetuandikia kwamba umeingia mkataba pia na Interval, mtandao mwingine kama huo. Kila mwenye wiki achague abaki alipo au ahame, na uanachama wetu wa RCI unaisha karibuni. Mume wangu ni mwalimu, kwa hiyo tunasafiri Juni au Desemba tu, na tuko watano. Vipeperushi vya pande zote mbili nimevisoma, vyote vinajisifu. Ninamtaka mtu aliyelipa kwa hela yake. Ulihama? Ulipata nini, ulipoteza nini?

Naomba msiniambie kwamba ningeacha kununua. Hela ilishatoka, na hii wiki tunaipenda.

Mzee_wa_Upanga

Marahaba mwanangu. Mimi nilinunua wiki Tenerife, kisiwa cha Hispania, mwaka 1994 nikiwa kazini Uingereza, na mitandao yote miwili nimeshapita.

Anza na ukweli huu, maana wengi hawaambiwi: mwenye wiki hahami kwa matakwa yake peke yake. Hoteli ndiyo inayojiunga na mtandao, wewe unafuata. Ninyi mna bahati kwamba hoteli yenu imefungua milango miwili. Kwa hiyo kabla ya yote, waulizeni uongozi mkataba na RCI unaendelea mpaka lini. Msije mkachagua kubaki kwenye mlango ambao unafungwa mwakani.

La pili ni nani anayemiliki mitandao hii. RCI ilianza mwaka 1974 Indianapolis, Interval ikafuata mwaka 1976 Miami. Leo RCI iko chini ya Travel + Leisure, ambayo zamani ilijulikana kama Wyndham Destinations. Interval tangu mwaka 2018 iko chini ya Marriott Vacations Worldwide. Kipeperushi cha Interval kitakuonyesha hoteli za Marriott, na ni kweli zimo. Lakini wiki ya Marriott ikiwekwa, yaani mwenyewe akiikabidhi kwa mtandao ili apate nyingine, wenye wiki za Marriott wenzao ndio wanaochagua kwanza kwa kipindi fulani. Kinachobaki ndicho kinachotufikia sisi wa hoteli ndogo. Mimi nilipata mara moja, mwezi Novemba. Hoteli ilikuwa nzuri kweli, lakini kwa mwalimu mwenye watoto Novemba haipo.

Nilichopoteza nitakueleza, maana kiliniuma sana. Nilipohama niliacha wiki moja imewekwa kwenye mtandao wa zamani, nikidhani itanifuata. Haifuati! Wiki ikishawekwa ni mali ya mtandao ule, na haki yako ya kudai badala yake iko kule kule, ina tarehe ya mwisho, na inadai uanachama ulio hai. Uanachama wangu ukaisha, na wiki ikaisha nao. Ada ya matunzo ya mwaka ule, ile tunayoilipa hoteli, nilikuwa nimeshailipa yote.

Basi angalia kwenye akaunti yenu mna wiki ngapi zimewekwa na zimelala bila kutumika.

Dada_Tabata

Shoga yangu, kwa hali yako mimi ningebaki RCI, na nakwambia kwa nini.

Angalia mnakokwenda kweli, msitazame mnakotamani. Watanzania Afrika Kusini tunaingia bila viza, na kule taimushea imeenea tangu zamani: pwani ya KwaZulu-Natal, Drakensberg, mpaka Sun City. Nyingi ya hizo nimezikuta RCI. Mimi kila nikifungua kutafuta Durban au Margate huwa naona kitu, isipokuwa Desemba. Desemba wenyeji wamefunga shule na kila mtu yuko baharini, wiki zinakamatwa mapema mno. Sisi tunaenda Juni. Kule ni baridi lakini Durban baridi yake ni ya sweta jioni tu, mchana watoto wangu wanaogelea.

Jingine ni zile namba. RCI wanakuonyesha wiki yako ina nguvu kiasi gani kwa tarakimu, na kila wiki unayoitaka ina bei yake kwa tarakimu hizo hizo. Ukichukua ya bei ndogo, chenji inabaki kwenye akaunti. Mwaka 2019 nilichukua wiki ya bei ndogo milimani, chenji nikaiunganisha na wiki ya mwaka uliofuata, nikapata vyumba viwili vya kulala. Kuunganisha kuna ada, lakini kwa watu watano vyumba viwili ni amani.

Kitu kimoja usikifanye: kuweka wiki kwa kuchelewa. Ukiweka miezi 9 au zaidi kabla ya tarehe yake unapata nguvu yote. Kadiri siku zinavyosogea inapungua. Mwaka mmoja nilingoja mpaka mume wangu apate likizo kazini, nikaweka ikiwa imebaki miezi miwili, na nguvu iliyobaki haikutosha hata kurudi hoteli kama yangu mwenyewe.

Kipepeo_Kigamboni

Dada Tabata umesema vizuri, ila Interval wana jambo moja ambalo kwangu limekuwa msaada mkubwa: unaweza kuomba kwanza. Wiki yako unabaki nayo mkononi, unaandika hoteli unazozitaka na tarehe, wao wanatafuta. Wasipopata, wiki bado yako, unaenda mwenyewe au unampa ndugu. Sharti ni kwamba ombi hilo liende mapema, siku 60 au zaidi kabla ya safari. Kwa mtu anayeweza kupanda gari akaenda Diani, hii ina maana kubwa. Hutakaa na wiki imemezwa halafu huna pa kwenda.

Nao wana utaratibu wa dakika za mwisho, wanauita Flexchange, kuanzia siku 59 kushuka chini. Humo hata wiki dhaifu inaweza kupata hoteli nzuri, maana kilichobaki kingeoza. Lakini MamaWatatu, hebu jiulize nauli. Ndege za Juni kwa watu watano zinunuliwe wiki sita kabla? Mimi ni mmoja, naweza.

Na viza. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka juzi nilithibitishiwa Hispania, nikalipa ada ya kubadilishana, dola 200 na ushee, nikaenda kuomba miadi ya viza. Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya tarehe ya kuingia hotelini! Ada ikapotea, na wiki niliyotoa sikurudishiwa thamani yake yote. Sasa naomba miadi ya viza kwanza, au natafuta nchi isiyo na viza. Mtandao wowote ule, pasipoti yetu ni ile ile.

Mama_Mikocheni62

Niongeze kidogo. Rangi za misimu zisikuchanganye. RCI msimu wa juu ni nyekundu, halafu nyeupe, halafu buluu. Interval nyekundu, njano, kijani. Mwuzaji alituambia "mna nyekundu" kana kwamba nyekundu zote ni sawa. Wiki ya Krismasi na wiki ya Septemba zinaweza kuwa nyekundu zote mbili, lakini sokoni hazilingani hata kidogo.

Kadi za benki nazo zilinisumbua. Malipo ya dola yalikataliwa mara tatu mpaka nikaenda tawini wakafungua malipo ya nje. Fanyeni hivyo kabla hamjakaa na ofa mkononi, maana hawaishikilii muda mrefu.

Mtu_wa_Segerea

Mimi niliacha vyote viwili. Wiki yangu nampangisha mfanyakazi mwenzangu kila Pasaka, inalipa ada ya matunzo na kubaki kidogo. Sibadilishi tena.

Neema_Posta

Naomba mnisikilize kwa hili, ni muhimu. Mara tu hoteli yetu ilipotangaza mabadiliko ya mtandao, nilipigiwa simu na mtu anayejua jina langu, namba ya chumba na wiki yangu. Akasema anasimamia uhamisho, nilipe dola 1,200 ili wiki yangu "isajiliwe upya", la sivyo naipoteza. Sauti ya upole, Kiingereza kizuri. Nilikuwa benki tayari nimejaza fomu. Dada wa dirishani akaniuliza hii kampuni iko wapi, nikashindwa kumjibu. Nikatoka nje nikapiga hoteli kwa namba iliyo kwenye risiti yangu ya zamani. Hawakuwa wanamjua.

Kujiunga na mtandao ni ada ya uanachama, kwangu ilikuwa karibu dola 100 kwa mwaka, na inalipwa ndani ya akaunti yako mwenyewe. Mtu akikupigia akitaka malipo ya mbele, iwe kuhamisha au kukuuzia wiki, kata simu. Mpigie na mama yako umwambie, maana wazee wetu ndio wanaolengwa.

MamaWatatu_Mbezi

Mungu awabariki. Nimesoma yote na mume wangu, na leo asubuhi nimepiga hoteli.

Mzee wa Upanga, ulivyosema ndivyo ilivyo: tumekuta wiki mbili zimelala RCI, moja inaisha Machi. Sikuwa najua. Mkataba wa hoteli na RCI bado upo, hawaufungi, na wameniahidi kuliandika hilo kwa barua pepe.

Kwa hiyo tunabaki RCI kwa sasa. Usiku huu tunaunganisha zile wiki mbili tutafute vyumba viwili Durban kwa Juni. Wiki ya mwaka huu hatuiweki kabisa, tunaenda nayo wenyewe Diani Desemba, mama mkwe hajawahi kufika. Kipepeo, lile la kuomba kwanza limenikaa moyoni, tutalitazama tena uanachama ukiisha.

Neema, simu imeshapigwa kwa mume wangu jana saa kumi. Dola 950. Amekata.

Dada Tabata, Margate na Durban ipi ina bahari tulivu kwa mtoto wa miaka sita?