Naomba ushauri: malalamiko ya fidia niyapeleke Tume ya Haki za Binadamu au mahakamani?

Wakuu habarini, niko Dodoma, shamba la bi mkubwa lilipitiwa na barabara ya halmashauri, wakaja wathamini wakahesabu mpaka mizabibu, fomu akasaini, toka hapo ukienda ofisini ni faili lipo kwa fulani, fulani yuko safari, njoo wiki ijayo, na jirani mwenye ndugu mle ndani keshalipwa zamani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, ila nani wa kuwakumbusha?

Sasa kuna mtu kanambia achana na wakili, nenda THBUB (Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora), ile iliyorithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya Mwalimu ya 1966, eti kulalamika ni bure na makao makuu si yako hapahapa mjini. Nimesoma sheria yao, Namba 7 ya 2001, kweli wanaweza kuita mtumishi na kudai nyaraka, lakini mwisho wa siku wanatoa mapendekezo, hawatoi hukumu, na kesi ikishafika mahakamani hawaigusi. Hapo ndo nachanganyikiwa, maana nikianza na mahakama huku nakuwa nimejifungia.

Mliowahi kuwatumia, halmashauri ilitekeleza au barua iliishia droo la mkurugenzi? Na bi mkubwa lazima aende mwenyewe? Miguu inamsumbua, mi naweza kumwandikia. Nakala ya fomu ya uthamini tunayo.