Wauza safari za Amalfi, semeni ukweli kuhusu njia!

Wakuu, hili limezidi. Matangazo ya "Amalfi siku moja", ule mji wa pwani kusini mwa Italia, yanayolenga ndugu zetu walioko Ulaya yanaweka picha ya zile ngazi 62 za kanisa kuu la Mtakatifu Andrea, bei chini yake, basi. Njia hawaitaji. Mtu anashuka Napoli na mtoto mgongoni na sanduku la kilo 20, anaulizia treni ya Amalfi. Amalfi haina stesheni! Treni inakuacha Salerno au Sorrento, kilichobaki ni boti, au barabara ya SS163 iliyobana kati ya mwamba na bahari.

Kibaya zaidi wanawapitisha Sorrento, tena Agosti. Basi la SITA, kampuni ya mabasi ya huko, linajaa pale pale linapoanzia. Likifika vituo vya kati kama Positano halina hata pa kusimama, dereva anapita, na nyie mnabaki juani na watoto. Kurudi, pandieni Piazza Flavio Gioia, pale Amalfi linapoanzia. Tiketi nunua kabla, kwenye tabacchi, yaani duka la tumbaku lenye kibao cha herufi T, na ukishapanda igonge muhuri kwenye kimashine ndani ya basi. Isipogongwa, mkaguzi anakuhesabu huna tiketi.

Njia ya maana ni Salerno. Kutoka Roma treni ya kasi ni kama saa mbili, kisha unatembea dakika chache tu hadi gati la Piazza della Concordia, na boti hadi Amalfi ni kama dakika 35. Ila boti ni za msimu, takriban Aprili hadi Oktoba, na bahari ikichafuka hazitoki. Sasa anayeuza "boti" Januari anauza nini?

Wenye gari la kukodi nao hawaambiwi. Wikiendi za kiangazi na Agosti yote, saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwenye hiyo SS163 kati ya Vietri, karibu na Salerno, na Positano magari hupokezana siku kwa namba shufwa na witiri. Namba za Italia huishia kwa herufi, kwa hiyo angalia tarakimu ya mwisho kati ya zile tatu za katikati.

Ufukwe wenyewe ni kokoto, na sehemu kubwa ni miamvuli ya kulipia.

Anayeuza safari hii aandike kwenye tangazo: tunapitia wapi, nauli ya boti imo au haimo, na boti zikisimama pesa yetu inarudi vipi.