Bunduki kuukuu za majeshi hufikaje mikononi mwa wakusanyaji wa ng'ambo?

Kijana wa Kalenga:
Kamwene wakubwa zangu. Hivi karibuni nilimpeleka mgeni Mjerumani kwenye Makumbusho ya Mkwawa, na tulipotoka alinionyesha kwenye simu picha ya bunduki aliyoinunua mnadani kwao, Mauser ya mwaka 1871, kitako chake kimepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba. Aliyemuuzia amemhakikishia kwamba ilibebwa na askari wa Kijerumani huku kwetu Uhehe. Naomba kueleweshwa: bunduki ya jeshi hutokaje ghalani hadi ikatundikwa ukutani kwa mtu binafsi, tena kihalali?

Mwalimu, Mafinga:
Aina hiyo ilikuwepo kweli. Ilikuwa ikipiga risasi moja moja na kufuka moshi mzito uliomfichua mpigaji, na Wahehe waliteka takribani bunduki 300 za Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Hata hivyo, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwezi Novemba 1917 aliwavamia Wareno kule Ngomano, akawapa askari wake bunduki za Kireno badala ya zile kuukuu, na alipojisalimisha Abercorn (Mbala ya leo, ng'ambo ya Tunduma) mwaka uliofuata, bunduki alizokabidhi zilikuwa za Kireno na Kiingereza. Waya wa shaba unaonyesha tu kwamba aliyeitengeneza hakuwa na fundi wa jeshi karibu.

Mstaafu wa Uyole:
Marahaba kijana, maana naona umesahau shikamoo. Nimetunza ghala la silaha kwa miaka mingi, na ninachoweza kukuambia ni kwamba bunduki haizeeki kwa kuchakaa, bali kwa kukosa risasi. Jeshi likibadilisha aina ya risasi, maelfu ya bunduki nzima kabisa hugeuka mzigo unaohitaji walinzi, grisi na hesabu kila mwezi, na hapo ndipo serikali huamua kuziteketeza au kuziuza kwa jumla.

Mnunuzi mkubwa wa baada ya Vita ya Pili alikuwa Mmarekani Samuel Cummings, aliyenunua maghala mazima ya Ulaya kupitia kampuni yake ya Interarms. Wakati huo huko Marekani mtu aliagiza bunduki kwa posta. Ile Carcano ya Kiitaliano iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilitangazwa kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ikafunga mlango huo wa posta na ule wa kuingiza bunduki za majeshi kutoka nje, kisha mwaka 1984 huo wa kuingiza ukafunguliwa kidogo kwa silaha za kale zilizozidi miaka 50. Ndiyo njia waliyopitia Mosin-Nagant za Kirusi, ishirini ishirini kwenye sanduku, zimejaa grisi ngumu ambayo huitoi bila maji ya moto na mafuta ya taa, na mikono hunuka siku mbili.

Afrika nayo imo. Ethiopia imeuza Marekani bunduki za Waitaliano, pamoja na Mauser zenye nembo ya Haile Selassie. Sisi Watanzania tumo katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, inayozitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kuteketeza silaha za ziada.

Kijana wa Kalenga:
Shikamoo mzee, uniwie radhi. Mgeni anasema yake haina ule mhuri ambao waagizaji wa Marekani hugonga kwenye bunduki wanazoingiza, na muuzaji amelichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba ilitoka Afrika moja kwa moja.

Mstaafu wa Uyole:
Marahaba mwanangu. Hapo amepigwa. Sheria ya Marekani huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale tu, si silaha, kwa hiyo yake isingegongwa mhuri hata kama ingepita huko mara tatu. Mwambie atafute alama za kikosi kwenye chuma cha kitako, na aulize kama kuna karatasi yoyote iliyotangulia ile ya mnadani.